Jumatano Iliyokataa Kwisha

Mji ule haukuwa na jina, na watu wake hawakuona kwamba wamepungukiwa. Ukiwauliza wanatoka wapi walielekeza kwa kidevu: huko, kwenye chokaa. Tanuri za chokaa ziliuzunguka mji pande tatu, na vumbi lake jeupe lilitua juu ya mapaa, juu ya majani, juu ya nyusi za watu, hata ikawa vigumu kumtofautisha mtu na jirani yake mpaka aseme. Siku nazo zilikuwa zikitangazwa. Kila asubuhi kipaza sauti kilichofungwa juu ya jengo la manispaa kilikohoa kidogo, kisha kikasema leo ni siku gani, na kwa kawaida kilisema kile ambacho kila mtu alikitarajia. Lakini palikuwa na sheria moja ya zamani ambayo hakuna aliyejua nani aliitunga. Kama kuna uamuzi juu ya maisha ya mtu unaongojewa siku fulani, na mwenye kuutoa hajautoa, siku hiyo hairuhusiwi kwisha. Itatangazwa tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka aliyeukalia uamuzi ainuke. Watu walinung'unika kidogo, wakapika tena walichopika jana, wakaulizana ni nani safari hii.

Safari hii alikuwa Siwema.

Alikuwa afisa ustawi wa jamii, dawati la watoto, mwaka wake wa kumi na moja kwenye kazi hiyo. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye mazoea ya kutembea haraka hata pale anapokuwa hana pa kwenda. Jina alipewa na bibi yake, mwaka ambao ndugu walikuwa wamegombana na bibi akataka kuwasuta. Siwema. Alipokuwa mdogo lilikuwa jina tu. Siku hizi, mtu akimwita kwa mbali, alilisikia kama shutuma iliyopotea njia ikamfikia yeye.

Mezani pake palikuwa na jalada la Kibibi binti Chausiku, umri miaka minane. Ndani yake, kati ya karatasi nyingine, mlikuwa na barua ya mwalimu, cheti cha zahanati, na hati moja isiyo na maneno mengi, yenye visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa Aondolewe. Kingine, Abaki. Chini yake mstari wa sahihi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Chausiku, mama yake Kibibi, alikuwa na kifafa tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Baba wa mtoto alipouona ugonjwa kwa macho yake aliondoka akiwa na ndala miguuni, hakurudi hata kufuata viatu. Asubuhi moja Chausiku alikuwa akikoroga uji, kifafa kikamshika, akaangukia sufuria, na uji wa moto ukamwagikia mkono wa binti yake kutoka kiwiko hadi kiganja. Kule zahanati Kibibi alisema alikuwa akichezea sufuria. Kwa Mwalimu Hosiana alisema alijikwaa. Mwalimu Hosiana, aliyekuwa amefundisha watoto miaka ishirini, hakuamini lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa amekwisha kuona kwamba binti huyo huja shule siku mbili kwa juma, na siku hizo mbili hulala na kichwa juu ya dawati mpaka kengele ya mwisho. Akaandika barua.

Mkuu wa idara, Bwana Lyatuu, hakuwa mtu mbaya. Alimweleza Siwema kwa upole kwamba sheria inatanguliza maslahi ya mtoto, na maslahi ya kwanza ya mtoto ni kuwa hai, mengine yatafuata. Akamwambia kuna kitanda kimoja wazi kwenye makao ya watoto kule mlimani. Akasema anaitaka hati Jumatano.

Jumatano ikaja, Siwema akakaa mbele ya hati hadi jioni. Kalamu aliishika. Hakuitua kwenye karatasi.

Alikuwa akijiuliza jambo ambalo hakuna semina iliyowahi kulijibu. Mamlaka juu ya mtoto wa mtu mwingine yanatoka wapi? Kwenye sheria, watasema. Na sheria imeyapata wapi? Kwa watu. Watu gani, hawa hawa wanaowavuta watoto wao ndani wanapoliona gari la idara? Mama humpata mtoto kwa uchungu. Jirani humpata kwa kumpa chakula siku ambayo kwao hakukupikwa. Yeye Siwema alimpata Kibibi kwa jalada, alikabidhiwa ndani ya folda ya kahawia yenye namba, na kuanzia saa ile akawa na uwezo ambao aliyemzaa hakuwa nao, uwezo wa kusema mtoto huyu kesho ataamkia wapi. Wala hakuwa amewahi kumwona akila, akilia, wala akikasirika. Miaka sita nyuma aliwahi kuweka alama kwenye kisanduku cha Aondolewe kwa ndugu wawili, wakachukuliwa, na yeye akalala usingizi mzuri. Ni kule kulala vizuri ndiko kulikokuja kumtisha baadaye.

Ukimchukua atakuwa salama. Salama na nini? Na moto. Na njaa. Na usingizi wa darasani. Ukimchukua mama atabaki peke yake na jiko. Lakini wewe si afisa wa mama. Wewe ni wa mtoto. Mtoto anaishia wapi, mama anaanzia wapi? Ukimwacha, na sufuria ikamwagika tena. Ukimwacha, na safari hii si mkono. Weka alama. Weka basi. Usiweke.

Alipotoka ofisini alimkuta mlinzi wa mlango, Mzee Kalimba, akikung'uta chokaa kwenye kofia yake. Kila mtu idarani alijua kwamba mzee huyu aliwahi kuwa mmoja wa watoto wa majalada. Alichukuliwa akiwa na miaka mitano kutoka kwa mama aliyekuwa mlevi, akalelewa makao ya mlimani, akasomeshwa, na alipofikia umri wa kazi akapewa mlango huu. Siwema hakuwahi kumwuliza. Jioni ile alimwuliza kama walifanya vizuri kumchukua.

Mzee Kalimba aliirudisha kofia kichwani.

"Nilikula," akasema. "Nilisoma. Sikupigwa. Kitu kimoja tu, mwanangu. Mama alikuwa na namna yake ya kuniita. Si kwa jina. Alikuwa anavuta midomo hivi, anatoa mlio. Nimejaribu kuutoa mlio ule miaka hamsini. Hautoki."

"Kwa hiyo walikosea."

"Sijasema hivyo. Ningebaki kule huenda nisingekuwa hai wa kukwambia. Nakwambia kilichopotea kwa sababu kwenye faili langu hakikuandikwa."

Asubuhi iliyofuata kipaza sauti kilikohoa, kikatangaza kwamba leo ni Jumatano.

Siwema alivaa viatu vya kutembelea, akaenda mwenyewe kwa miguu hadi mtaa wa nyuma ya tanuri la tatu. Njiani watu walimsalimu kwa majina yasiyo yake. Mwanamke mmoja alimwita Bi Zuhura, akamwuliza amerudi lini. Zuhura alikuwa afisa wa dawati lile kabla yake, na alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Mwingine alimwita kwa jina la afisa wa kabla ya Zuhura. Mwanzoni aliwasahihisha, halafu akaacha. Uso wake ulikuwa mweupe kwa chokaa kama nyuso zote, na begani alibeba mkoba uleule wa idara uliobebwa na wote waliomtangulia. Kwa watu hawa alikuwepo mtu mmoja tu siku zote, mwenye mkoba, anayekuja na kuondoka na mtoto. Alianza kuhisi kwamba labda ni kweli. Kwamba yeye ndiye Zuhura, na mikono iliyowachukua wote, hata Kalimba, ilikuwa hii hii, isipokuwa alisahau.

Mlango wa Chausiku ulikuwa wazi. Chausiku alikuwa amelala juu ya mkeka, katika ule usingizi mzito unaokuja baada ya kifafa, na Kibibi alikuwa ameketi kando yake, ubavu kwa ubavu, siku ya shule. Mkono wa mtoto uliokuwa na kovu ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kanga, na ncha ya pili ya kipande hicho ilifungwa kwenye mkono wa mama. Kibibi alimwamkia shikamoo bila kusimama, maana hakuweza.

Siwema aliketi chini, akauliza ile kanga ni ya nini. Kibibi alieleza kama fundi anavyomweleza mteja. Mama akianza kutetemeka kanga inavuta, na yeye anaamka. Akiamka anamgeuza ubavu. Anamvua kilemba. Anasogeza kila kilicho karibu, hamtii kitu mdomoni, kwa sababu nesi alisema ni kosa. Kisha anahesabu.

"Unahesabu nini?"

"Mpaka anyamaze. Ikipita mia tatu naita watu. Haijawahi kupita mia mbili na arobaini."

"Na wewe unalala saa ngapi, Kibibi?"

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la lugha nyingine. Alisema yeye halali sana, ila shuleni ndiko hulala, kwa sababu shuleni hakuna anayeanguka.

 Siwema alimwuliza jambo alilopaswa kuuliza, yaani angeonaje akienda kukaa mahali pengine, penye watoto wenzake, penye chakula na kitanda, mama akaangaliwa na watu wengine. Kibibi hakulia. Alisema wakimpeleka atarudi kwa miguu, wakimpeleka tena atarudi tena, na akataka kujua ni nani hao watu wengine, na je, wanajua kuhesabu.

Siwema alirudi ofisini, hati ikabaki vilevile. Bwana Lyatuu alipita mlangoni mara mbili. Mjini watu walikuwa wameanza kuchoka. Vyakula vya harusi iliyopangwa Alhamisi vilikuwa vinachacha. Mwokaji mikate alimpigia simu akamwomba, kwa heshima zote, afanye atakalofanya.

Asubuhi, Jumatano tena.

Siku hiyo alimwomba Bi Mkegani, jirani wa Chausiku, mwanamke mnene mwenye cherehani uani, amkalishe Kibibi kwake kwa saa moja. Alitaka kuzungumza na mama peke yake. Katika jalada zima lenye kurasa thelathini, maoni ya mwalimu yalikuwemo, ya nesi yalikuwemo, ya mjumbe wa mtaa yalikuwemo. Ya Chausiku hayakuwemo. Palikuwa na mstari mmoja tu ulioandikwa: mama ni mgonjwa.

Chausiku alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini na kovu refu kwenye paji la uso. Alimkaribisha mgeni kiti, yeye akabaki mkekani. Siwema alimweleza kila kitu bila kuficha, visanduku viwili, kitanda cha mlimani, na siku iliyokwama kwa sababu yake. Kisha akamwuliza yeye mwenyewe angeandika nini.

"Andika aondolewe," Chausiku akasema.

Siwema alidhani hakusikia vizuri.

"Mimi nikizinduka," Chausiku aliendelea, "kitu cha kwanza ninachoona ni uso wake, na midomo yake inahesabu. Kila mara. Ana miaka minane, Bi Siwema, na amekuwa mama yangu. Nataka alale. Kama nyinyi mna mahali ambapo atalala, mchukueni." Aliikunja ncha ya mkeka. "Ila msinidai niwe mzima baada ya hapo."

Aliporudi njiani Siwema alitembea taratibu, jambo lililowashangaza waliomzoea. Mama anataka mtoto aende, kwa sababu anampenda. Mtoto anataka kubaki, kwa sababu hiyo hiyo. Na hati imetengenezwa na mtu aliyedhani upendo uko upande mmoja na hatari iko upande wa pili, kila kimoja na kisanduku chake. Alijaribu kufikiri kwa utulivu, akashindwa, akafikiri bila utulivu. Kinachomwumiza mtoto ni nini hasa? Si mama. Si hata kifafa. Ni zamu. Mtoto amewekwa zamu ambayo hakuna mtu mzima aliyekubali kuishika, na mji mzima umepita pembeni, kwa kuwa mji unaamini kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza. Basi haitoshi kumwondoa mtoto kwenye zamu. Lazima mtu aishike.

Aliingia kwa Bi Mkegani, wakazungumza hadi jua likapungua makali. Alikwenda zahanati akaonana na nesi kuhusu vidonge vya kila siku, ambavyo Chausiku aliwahi kuandikiwa na hakuwahi kurudi kuvichukua kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na aliogopa kuanguka mbele za watu. Alikwenda kwa Mwalimu Hosiana. Kisha akarudi ofisini, akaweka alama kwenye Abaki, na pembeni, mahali ambapo hapatakiwi kuandikwa kitu, akaandika. Mama atameza dawa kila siku. Binti mkubwa wa Bi Mkegani atalala nyumbani humo. Bi Mkegani atakuwepo wakati wa kupika. Mtoto atakwenda shule kila siku ya shule, bila kukosa. Afisa atapita kila Ijumaa. Akatia sahihi.

Bwana Lyatuu aliisoma akiwa amesimama. Alimkumbusha kwamba likitokea lolote jina lililopo pale ni lake peke yake. Siwema alijibu kwamba analifahamu jina lake.

Kesho yake ikawa Alhamisi, na harusi ikafanyika.

Kibibi aliposikia kwamba hataondolewa hakufurahi kama Siwema alivyotarajia. Alisikiliza masharti yote, na lilipofika lile la shule alikataa. Akasema mchana mama anabaki na nani. Siwema alipiga magoti ili macho yao yalingane, akamwambia kwamba mchana yuko Bi Mkegani, na kuna dawa, na kuangalia watu wazima ni kazi ya watu wazima. Aliifungua ile kanga kwenye mkono wa mtoto kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, akaikunja, akampa mama. Kibibi alikwenda shule akitazama nyuma mpaka kona.

Miezi ikapita, na mambo yakawa mazuri. Kifafa cha Chausiku kilipungua kutoka mara tatu kwa juma hadi mara moja kwa mwezi. Kibibi alinenepa mashavu, akaacha kulala darasani, na Mwalimu Hosiana alimwambia Siwema kwamba sasa tatizo ni kumnyamazisha. Kila Ijumaa Siwema alipita, akauliza maswali yaleyale, dawa zipo, mtoto anakwenda shule, jirani anakuja. Chausiku alikuwa na kopo la dawa, na kila alipoulizwa alilitikisa pale alipoketi, lilie. Siwema aliandika: dawa zipo.

Mwezi wa nane tangu sahihi ile, saa nne asubuhi, Chausiku alikuwa akifua uani. Bi Mkegani alikuwa ametoka kwenda kusaga unga, safari ya nusu saa. Aliporudi alimkuta Chausiku amelala kifudifudi, uso ndani ya beseni la nguo. Maji ya beseni lile hayakufika hata nusu.

Siwema alifika kabla ya watu wengi. Alipitia chumba kama utaratibu unavyotaka, akafikia kopo la dawa, akalifungua. Ndani mlikuwa na punje kumi na mbili za mahindi. Bi Mkegani alisema zahanati ilikuwa imeishiwa vidonge wiki ya tano sasa, na kwamba Chausiku alimwapisha asimwambie mtu. Alikuwa akisema, Bi Siwema akisikia sina dawa, atakuja na ile karatasi.

Siwema aliketi juu ya kitanda na kopo mkononi. Mara nne alikuwa ameketi ndani ya chumba hiki akisikiliza mahindi. Aliingia na mkoba begani kila Ijumaa, akatabasamu, akauliza kwa wema, na ule wema ulikuwa na karatasi ndani yake, na mwanamke aliyeketi mkekani hakuisahau karatasi hata siku moja. Kama angekuwa shoga yake angeambiwa. Kama angekuwa mpita njia angeambiwa. Dawa zingepatikana zahanati nyingine. Yeye mwenyewe angekwenda kuzifuata kwa miguu. Mtu mmoja tu ndiye aliyelazimika kudanganywa, na ni yule aliyekuwa na uwezo wa kusaidia.

Bwana Lyatuu alilisoma jalada mchana ule ule, ukurasa kwa ukurasa, akamwambia asiwe na hofu, utaratibu ulifuatwa. Alimshauri mtoto aambiwe kwamba ni mapenzi ya Mungu. Siwema hakuwa na ubishi na Mungu. Lakini aliona jinsi sentensi ile ilivyokuwa imekaa tayari, kama kiti kilichosogezwa ili yeye apumzike, akaamua kusimama.

Kibibi alikuwa ofisini kwa Mwalimu Hosiana, ameitwa kutoka katika somo la hesabu. Mwalimu alikaa naye upande mmoja, amemshika bega. Siwema alimwambia kwa maneno machache, kwa sababu maneno mengi yangekuwa ya kujisaidia yeye. Alisema mama amefariki asubuhi hii, alishikwa na kifafa akiwa anafua, akaangukia kwenye maji.

Kibibi hakulia. Macho yake yalizunguka chumbani kana kwamba anatafuta kitu alichokiweka mahali.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa shuleni."

"Ningekuwepo ningemgeuza."

Mwalimu Hosiana alifungua mdomo. Siwema alijua mwalimu anataka kusema nini, kwamba hata ungekuwepo, mwanangu, ingekuwa vilevile, kila mtu na siku yake. Yalikuwa maneno laini, na hata yeye alitamani yasemwe. Lakini hakuna aliyejua kama ni ya kweli. Na mtoto huyu alikuwa amehesabu hadi mia mbili na arobaini, akijua kwa mikono yake kile anachoweza. Angeyasikia maneno yale, angenyamaza kwa adabu, na ndani yake angebaki na hesabu yake peke yake, maisha yake yote, bila wa kumshirikisha.

"Ndiyo," Siwema akasema. "Huenda ungemgeuza."

Mwalimu alimtazama kwa mshtuko.

"Lakini hukuamua wewe kuja shule. Wewe ulikataa, nakumbuka. Niliamua mimi. Niliandika kwa mkono wangu na nikatia sahihi. Na mama alipoishiwa dawa sikujua, ingawa kujua ndiyo kazi yangu. Hayo ni yangu, Kibibi. Hakuna lililo lako hata moja."

Ndipo mtoto alipoinuka. Alimpiga Siwema tumboni kwa ngumi zote mbili, akampiga kifuani, akampiga mikononi, bila sauti, kwa nguvu ya mtu aliyekusudia kumaliza. Mwalimu Hosiana alitaka kumzuia, Siwema akatikisa kichwa. Alisimama. Hakumkumbatia, maana aliona kumkumbatia ni kumfunga mikono. Ilichukua muda. Kibibi alipochoka aliketi sakafuni, akapumua, akauliza swali ambalo Siwema hajawahi kuulizwa na mtu.

"Nitakuchukia mpaka lini?"

"Mpaka utakapochoka."

"Nitachoka lini?"

"Sijui. Nitakuwa nakuja kila Ijumaa, utazame kama bado."

Safari hii Siwema hakulifungua jalada kabla ya kumwuliza mtoto. Kibibi alisema anataka kukaa kwa Mwalimu Hosiana, na Mwalimu Hosiana, ambaye watoto wake walikuwa wakubwa na mbali, alisema alikuwa akingojea aulizwe. Hati iliandikwa siku hiyo hiyo na hakuna siku iliyokwama. Siwema alipeleka barua kwa Bwana Lyatuu akiomba kwamba anayemtembelea mzazi na anayeshika hati wasiwe mtu mmoja tena. Barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri. Haijajibiwa.

Kila Ijumaa, baada ya shule, alikwenda akakaa kwenye benchi nje ya nyumba ya mwalimu. Aliuacha mkoba ofisini. Kibibi alitoka, akaketi mwisho wa pili wa benchi, akamchukia. Alichukia kwa bidii, kama alivyofanya kila kazi aliyopewa. Siku nyingine alikaa kimya nusu saa nzima, kisha akasimama akaingia ndani. Siku nyingine aliuliza kitu. Aliwahi kuuliza kama maji yalikuwa mengi, na Siwema akamwambia yalikuwa machache. Aliwahi kuuliza kwa nini mama aliweka mahindi, na jibu la hilo lilichukua Ijumaa tatu, kwa sababu kila alipolianza Siwema aligundua kwamba anajitetea, akasimama na kuanza upya. Mtoto alisubiri. Wakati mwingine alipokuwa amekaa pale, Siwema hakuwa na hakika ni mwaka gani, wala kama aliyeketi kando yake ana miaka minane au thelathini. Alijua tu kwamba anatazamwa na mtu ambaye hamwogopi, na kwamba kazini kwake hilo halikuwahi kumtokea.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo alifika, akaketi, na benchi upande wa pili likabaki tupu. Alingoja. Vumbi la chokaa lilimtua magotini, hakulipangusa. Nyuma ya nyumba watoto walikuwa wakiruka kamba, wakigombana kuhusu nani amekanyaga, na kati ya sauti zile moja ilikuwa juu kuliko nyingine zote, inabisha, inadai zamu yake irudiwe. Mwalimu Hosiana alitokea mlangoni, akaomba radhi, akasema ngoja amwite, amejisahau.

Siwema akamwambia amwache, yeye atangoja.